DD 214 Isiyosema Yote: Kurudisha Medali na Safari za Ng'ambo kwenye Kumbukumbu za Jeshi la Marekani

Mwanajeshi wa Marekani anapomaliza utumishi hukabidhiwa hati moja atakayoishi nayo mpaka kaburini: fomu DD 214. Ilianza kutumika mwaka 1950, na tangu hapo ndiyo inayosema mtu huyu alitumikia tawi gani, tangu lini hadi lini, aliondoka kwa heshima au la, alifika wapi, na alitunukiwa nini. Hospitali za Idara ya Maveterani huiomba. Benki inayotoa mkopo wa nyumba wenye dhamana ya serikali huiomba. Mwajiri wa serikali huiomba, na siku ya msiba ofisi ya makaburi ya taifa huiangalia kabla ya kumpokea marehemu. Lisiloandikwa humo, kwa ofisi zote hizo, ni kama halikutokea.

Na mengi hayaandikwi. Fomu hujazwa siku za mwisho za utumishi, na karani mwenye mafaili mengine kibao mezani, kwa kutegemea karatasi zilizomfikia siku hiyo. Amri ya nishani iliyosainiwa baada ya askari kuondoka haimo. Safari ya miezi minne ambayo askari aliazimwa kwa kikosi kingine haimo, kwa sababu kikosi chake cha awali hakikuiandika popote. Mwenyewe, akili yote ikiwa nyumbani, hutia saini bila kupitia kisanduku kimoja kimoja. Kosa linagunduliwa miaka ishirini au hamsini baadaye, mara nyingi mtu akiwa tayari mgonjwa au ameshafariki na mjane ndiye anayehangaika na bahasha.

Suala hili linatuhusu wasomaji wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Kuanzia 2009 hadi 2016 jeshi la Marekani lilikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, wa kuwaandikisha wahamiaji wenye ujuzi uliohitajika, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha zilizotafutwa. Baadhi ya walioingia kwa mlango huo, na wengine walioingia kwa kadi ya ukaazi, wameshavua sare. Hati zao ziko kwenye makabati ya nyumba ambamo wazazi na wenzi hawazisomi kwa urahisi, na kosa lililomo laweza kulala humo miaka mingi.

Medali na safari ni makosa mawili tofauti

Familia nyingi huanza na medali. Inaeleweka, medali inashikika mkononi. Lakini kama muda na nguvu ni kidogo, mimi ningesema anza na safari ya ng'ambo, kwa sababu hiyo ndiyo yenye matibabu na fidia ndani yake.

Sheria ya PACT, iliyosainiwa tarehe 10 Agosti 2022, ilibadilisha hesabu kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kwenye kambi za jeshi. Aliyehudumu Iraki, Kuwait, Saudi Arabia au Somalia, miongoni mwa nchi nyingine za eneo hilo, kuanzia 2 Agosti 1990, au Afghanistan, Djibouti, Yemen, Syria na nyinginezo kuanzia 11 Septemba 2001, akipata mojawapo ya maradhi yaliyoorodheshwa (zaidi ya ishirini, zikiwamo saratani kadhaa na pumu iliyoanza baada ya utumishi) hahitaji tena kuthibitisha kwamba moshi ndio uliomdhuru. Sheria inachukulia hivyo tayari. Anachotakiwa kuthibitisha ni kwamba alikuwa pale. Djibouti imo, Kenya haimo. Kwa askari aliyekaa Camp Lemonnier, kambi ya Marekani iliyoko Djibouti, kisha hati yake ikanyamaza, neno moja lililokosekana linaweza kumaanisha dai lililokataliwa.

Kwa vita vya Vietnam ni vivyo hivyo kuhusu dawa ya kuua majani iitwayo Agent Orange. Sheria ya 1991 iliwafikia waliokanyaga ardhi ya Vietnam. Sheria ya 2019 ikawaongeza wanamaji waliokuwa kwenye meli ndani ya maili 12 za baharini kutoka pwani. PACT ikaongeza waliokuwa kwenye kambi za Thailand kati ya 9 Januari 1962 na 30 Juni 1976. Kila mara swali ni lile lile: ulikuwa wapi, tarehe gani?

Sasa tazama jinsi DD 214 inavyojibu swali hilo. Kwenye muundo unaotumika siku hizi, kisanduku cha 12f kinaonyesha jumla ya muda wa utumishi wa ng'ambo, kwa miaka, miezi na siku. Hakitaji nchi. Mwaka mmoja Ujerumani na mwaka mmoja Iraki vinaonekana sawa kabisa pale. Nchi na tarehe huandikwa kisanduku cha 18, cha maelezo, kama karani alikumbuka kuziandika. Muda wa baharini una kisanduku chake, 12g. Safari za kikazi za muda mfupi, zile ambazo askari anabaki kuhesabiwa kwenye kituo chake cha nyumbani, mara nyingi hazionekani popote, na watu wa jeshi la anga ndio waliouonja sana uchungu huu. Medali ziko kisanduku cha 13. Kwenye fomu za miaka ya 1960 na 1970 namba za visanduku ni nyingine, kwa hiyo soma majina ya visanduku usifuate namba.

Medali na safari hushuhudiana, na hapo ndipo panapohitaji macho makali. Medali ya kampeni inaweza kuthibitisha safari, na safari iliyothibitishwa inaweza kuleta medali. Lakini si kila medali inasema unachodhani. Medali ya Utumishi wa Ulinzi wa Taifa, ambayo karibu kila mtu anayo, walipewa wote waliokuwa jeshini vipindi fulani, kwa mfano 1 Januari 1961 hadi 14 Agosti 1974, hata aliyekaa Texas muda wote. Haithibitishi safari yoyote. Medali ya Utumishi wa Vietnam ilitolewa pia kwa waliokuwa kwenye meli na kwa baadhi ya waliounga mkono mapigano kutoka Thailand, kwa hiyo peke yake haitoshi kuonyesha kwamba mtu alikanyaga ardhi ya Vietnam. Ila beji ya mapigano ya askari wa miguu ni jambo jingine. Ikiwapo, Idara ya Maveterani haina sababu ya kubishana kama mtu alikuwa kwenye mapigano, na sheria inaitaka ikubali maelezo yake mwenyewe kuhusu yaliyompata humo iwapo yanalingana na mazingira ya utumishi wake.

Kabla ya kuandika barua yoyote, pata faili lote

Kosa linaloumiza wengi ni kuomba marekebisho wakiwa na DD 214 peke yake. Hati hiyo ni muhtasari tu. Ushahidi uko kwenye faili kamili la utumishi, na kwa mtu aliyeondoka jeshini zamani faili hilo liko Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi, St. Louis, Missouri, chini ya idara ya Nyaraka za Taifa. Huombwa kwa fomu SF 180 au kupitia mtandao wa Nyaraka za Taifa. Andika wazi kwamba unataka faili lote, kwa sababu ukiomba "kumbukumbu za jeshi" bila kufafanua unaweza kutumiwa nakala ya DD 214 ile ile uliyonayo. Kwa walioondoka karibuni zaidi faili ni la kidijitali na linabaki kwa tawi lenyewe: jeshi la nchi kavu tangu Oktoba 1994, jeshi la maji tangu Januari 1995, Marines (tawi la askari wa majini wanaopigana pia nchi kavu) tangu Januari 1999, jeshi la anga tangu Oktoba 2004.

Mwenyewe akiwa hai, yeye ndiye anayeomba. Akiwa amefariki, wanaoweza kuomba ni mjane au mgane ambaye hajaoa au kuolewa tena, mzazi, mtoto, kaka au dada. Zikishapita miaka 62 tangu siku aliyoondoka jeshini, faili linakuwa mali ya Nyaraka za Taifa na yeyote anaweza kuomba nakala kwa kulipia.

Faili likifika, usikimbilie ukurasa wenye medali. Tafuta amri za uhamisho, kadi ya sifa za utumishi yenye sehemu ya safari za ng'ambo, ripoti za tathmini ya kila mwaka, kadi ya chanjo, fomu za likizo. Ripoti ya tathmini yenye mstari "alihudumu na kikosi Bagram, Afghanistan, kuanzia Machi hadi Septemba" ina uzito kuliko barua tatu za kumbukumbu, kwa sababu iliandikwa wakati ule ule, na mtu ambaye hakujua kwamba siku moja itahitajika.

Moto wa 1973

Wengi huambiwa kwamba faili liliungua, na mara nyingi ni kweli. Tarehe 12 Julai 1973, muda mfupi baada ya saa sita usiku, moto ulizuka kwenye ghorofa ya sita ya jengo la kituo hicho, wakati huo likiwa Overland, kando ya St. Louis. Ghorofa ile haikuwa na mitambo ya kunyunyiza maji. Mafaili kati ya milioni 16 na milioni 18 yaliteketea. Kwa askari wa nchi kavu walioondoka kati ya 1 Novemba 1912 na 1 Januari 1960, takriban asilimia 80 ya mafaili yalipotea. Kwa jeshi la anga, asilimia 75 ya mafaili ya walioondoka kati ya 25 Septemba 1947 na 1 Januari 1964, ambao majina yao kwa mpangilio wa alfabeti yanakuja baada ya Hubbard. Hapakuwa na nakala za pili wala picha za filamu, na orodha ya kilichokuwamo pia haikuwapo, kwa hiyo hata kujua ni nani hasa aliyepoteza faili ilikuwa kazi ya miaka.

Soma tarehe hizo tena, maana zinakupa haki ya kuuliza. Askari wa nchi kavu aliyepigana Vietnam na kuondoka 1969 hayumo kwenye kundi lililoungua. Mwanamaji wa vita vya pili vya dunia naye hayumo. Ukiambiwa "liliungua" kuhusu mmoja wa hao, uliza tena kwa maandishi.

Aliyemo kwenye kundi hilo bado ana njia. Kituo kina fomu NA 13055 ya kujengea upya kumbukumbu, na kadiri unavyoijaza kwa undani ndivyo watafutaji wanavyopata pa kuanzia. Kikosi hadi ngazi ya kombania na mwezi wa tukio ni vitu viwili vyenye thamani kuliko vyote, kwa sababu vinafungua ripoti za asubuhi. Mpaka katikati ya miaka ya 1970 kila kombania ya jeshi la nchi kavu iliandika kila siku nani ameingia, nani ametoka, nani amelazwa, nani amejeruhiwa. Ripoti hizo hazikuwa mafaili ya mtu mmoja mmoja, kwa hiyo zilihifadhiwa kwingine. Ziko pia hati za malipo ya mwisho, na data za kulazwa hospitalini za askari wa nchi kavu wa 1942 hadi 1945 na 1950 hadi 1954, ambazo zimewasaidia wengi waliodai kwamba walijeruhiwa. Kama marehemu aliwahi kudai chochote Idara ya Maveterani kabla ya 1973, faili la dai lile laweza kuwa na nakala ya karatasi zilizoteketea St. Louis. Hapo watu husahau kuangalia.

Kwa wanamaji, chanzo kikuu ni daftari la safari ya meli. Nyaraka za Taifa zinayahifadhi, nayo yanaonyesha mahali meli ilipokuwa siku kwa siku. Faili la mtu linaonyesha alikuwa kwenye meli gani, daftari linaonyesha meli ilikuwa wapi. Unahitaji yote mawili.

Si kila medali inadaiwa kwa njia moja

Ziko medali ambazo mtu anastahili kwa kuwa tu alikuwa mahali fulani wakati fulani. Hapa hakuna kamanda wa kubembelezwa. Thibitisha mahali na tarehe, medali inafuata yenyewe. Na baadhi zilizaliwa baada ya mtu kuondoka, kwa hiyo hati haikuwa na namna ya kuzitaja. Aliyehudumu Korea Kusini baada ya vita, kuanzia 28 Julai 1954, anaweza kustahili Medali ya Ulinzi wa Korea, lakini medali hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Serikali ya Korea Kusini ilitoa medali yake ya vita kwa askari wa Marekani tangu miaka ya 1950, Marekani ikakubali ivaliwe mwaka 1999. Mzee aliyerudi 1953 alikaa karibu nusu karne akistahili kitu ambacho hakuna aliyeweza kukiandika kwenye hati yake.

Kundi la pili ni tuzo za vikosi. Kikosi kinatunukiwa, na aliyekuwamo wakati ule ana haki ya kuandikiwa. Jeshi la nchi kavu lilichapisha rejista za vikosi na tuzo zao kwa kila vita, na kwa Vietnam amri ya jumla namba 8 ya mwaka 1974 iliwapa vikosi vya nchi kavu vilivyohudumu huko tuzo ya msalaba wa ushujaa ya serikali ya Vietnam Kusini. Ni wengi mno ambao hati zao hazina tuzo hiyo, na kuiongeza ni kazi ya kalamu tu mara kikosi kinapojulikana.

Purple Heart, medali ya waliojeruhiwa vitani, inasumbua zaidi. Haihitaji mtu kuipendekeza, ni haki ya aliyejeruhiwa. Lakini mambo matatu lazima yaonekane kwa pamoja: kwamba jeraha lilitokana na hatua ya adui, kwamba lilihitaji kutibiwa na wahudumu wa afya, na kwamba tiba ile iliandikwa rasmi. La tatu ndilo linalowaangusha watu. Vitani daktari hufunga jeraha na kumrudisha askari mstari wa mbele bila kuandika kitu. Kovu lipo, karatasi haipo. Hapo ndipo ripoti ya asubuhi, simu ya maandishi iliyotumwa kwa wazazi, au kiapo cha yule yule aliyelifunga jeraha vinapookoa dai.

Kisha kuna nishani za ushujaa na za utumishi bora, ambazo lazima mtu apendekeze na amri itolewe. Kama amri ilitoka ila haikuingizwa kwenye hati, ni kosa dogo. Kama pendekezo halikuwahi kufika popote, hapo si marekebisho ya kumbukumbu tena, ni nishani mpya inayoombwa kwa kuchelewa, na ina mlango wake nitakaoufikia. Pembeni kidogo, kwa watoto wa waliopigana vita vya pili vya dunia kama askari wa miguu au waganga wa mstari wa mbele: aliyepewa beji ya mapigano katika vita hivyo anastahili nishani ya Bronze Star. Utaratibu huo uliwekwa baada ya vita, wengi walikuwa wameshakwenda nyumbani, na hakuna aliyewafuata kuwaambia.

Milango mitatu

Mlango wa kwanza ni marekebisho ya kiofisi, nao unatosha kwa makosa mengi. Unaliandikia tawi husika, au unapitia Kituo cha St. Louis kwa wale ambao mafaili yao yako huko, unaeleza kisanduku gani kina kosa, kinapaswa kusomekaje, na unaambatisha hati inayothibitisha. Wakikubali hutoa fomu DD 215, ambayo ni nyongeza inayosema kisanduku fulani sasa kisomeke hivi. DD 214 yenyewe kwa kawaida haichapishwi upya, hizo mbili zinasomwa pamoja. Kwa jeshi la nchi kavu ofisi yenyewe iko Fort Knox, Kentucky, kwa jeshi la maji ni Millington, Tennessee, kwa Marines ni Quantico, Virginia, na kwa jeshi la anga ni San Antonio, Texas. Usijaribu kamwe kuongeza neno kwa mkono kwenye nakala yako. Hati iliyochezewa haikubaliki, na inatia shaka hata ile kweli uliyotaka kuisema.

Andika barua fupi. Nimeona barua za kurasa nane zinazosimulia vita vyote, na ombi lenyewe limejificha ukurasa wa saba. Karani anahitaji sentensi tatu: kisanduku cha 18 hakionyeshi utumishi wa Kuwait kati ya tarehe hii na hii, ushahidi ni amri namba fulani na taarifa ya malipo ya mwezi fulani, zilizoambatishwa, naomba DD 215. Taarifa za malipo hazitumiwi vya kutosha. Askari aliye kwenye eneo la mapigano hulipwa posho ya hatari na mshahara wake husamehewa kodi ya mapato, na vyote viwili huonekana kwenye taarifa ya mwezi. Serikali haikulipa posho ile kwa mtu aliyekaa nyumbani.

Mlango wa pili ni bodi. Kila wizara ya kijeshi ina bodi ya kurekebisha kumbukumbu, chini ya kifungu cha 1552 cha kitabu cha 10 cha sheria za Marekani. Jeshi la nchi kavu lina yake. Jeshi la maji na Marines wanatumia moja. Jeshi la anga na la anga za juu moja. Walinzi wa pwani wana yao chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Waamuzi ni raia. Ombi hupelekwa kwa fomu DD 149 bila malipo, na wakili si lazima. Lakini bodi itarudisha ombi la mtu ambaye hajagonga mlango wa kwanza, kwa hiyo hifadhi barua ya kukataliwa, ndiyo tiketi yako ya kuingilia.

Sheria inatoa miaka mitatu tangu siku uliyogundua kosa. Wengi wakisoma hapo hukata tamaa, na hawapaswi. Bodi ina uwezo wa kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki, na kisanduku cha kueleza sababu kimo ndani ya fomu yenyewe. Usikiache wazi. Sema lini na vipi uligundua, na kwa nini hukuweza kabla.

Kigumu zaidi ni kwamba bodi huanza na dhana kuwa waliojaza kumbukumbu walifanya kazi yao sawasawa, na wewe ndiye unayebeba mzigo wa kuonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kosa kuwapo kuliko kutokuwapo. Maelezo yako peke yako, hata yakiwa kweli tupu, mara chache hutosha. Kiapo cha mwenzako husaidia kikiandikwa vizuri: yeye ni nani, alikuwa kikosi gani, mlikuwa wapi pamoja na lini, aliona nini kwa macho yake. Aambatishe DD 214 yake kuonyesha kwamba kweli alikuwapo. Viapo vitano vilivyoandikwa kwa maneno yale yale huonekana vimetungwa na mtu mmoja. Maamuzi ya zamani ya bodi, majina yakiwa yameondolewa, husomwa bure mtandaoni, na saa moja ya kutafuta mtu mwenye kesi kama yako itakuonyesha ni karatasi gani iliyombeba.

Anayetaka kubadilisha aina ya kuachishwa kwake, si medali wala safari, anaanzia penginepo: bodi ya mapitio, fomu DD 293, ndani ya miaka 15.

Mlango wa tatu ni wa nishani ambayo pendekezo lake lilipotea. Kifungu cha 1130 cha kitabu kile kile cha 10 kinamruhusu mbunge wa Kongresi kumtaka waziri wa tawi husika apitie pendekezo ambalo halikuwasilishwa kwa wakati. Unahitaji pendekezo lililoandikwa, simulizi ya tukio na mashahidi walioona. Kanali Paris Davis, ofisa Mweusi wa vikosi maalumu, aliwaokoa wenzake huku yeye mwenyewe akiwa na majeraha kwenye mapigano ya Bong Son, Vietnam, Juni 1965. Kamanda wake alimpendekeza kwa Medal of Honor, nishani ya juu kuliko zote. Karatasi zikapotea. Mwaka 1969 ikaagizwa ziandaliwe upya, na mara hiyo nayo hazikufika popote. Waliopigana naye na watu waliojitolea wakaendelea kukusanya ushahidi kwa miaka mingi, mpaka akavishwa nishani hiyo Ikulu tarehe 3 Machi 2023. Hakuna aliyekuwa amesema hakustahili. Karatasi tu hazikuonekana, na hilo pekee lilimgharimu miaka 57.

Usisubiri hati ndipo udai matibabu

Hili ndilo ningependa kila familia ilijue. Idara ya Maveterani haifungwi na DD 214 pekee. Ina wajibu wa kisheria wa kumsaidia mdai kutafuta kumbukumbu za serikali, na inaweza kukubali kwamba ulikuwa Djibouti kwa kutazama taarifa za malipo au amri za safari hata kama kisanduku cha 18 bado kimenyamaza. Bodi kwa upande wake inaweza kuchukua mwaka na zaidi. Sheria yenyewe inazipa hadi miezi 18. Mtu anayesubiri DD 215 ndipo apeleke dai anapoteza miezi ya fidia ambayo hairudi kwa urahisi. Peleka kusudio la kudai leo, linalinda tarehe yako kwa mwaka mmoja, kisha endesha mambo yote mawili sambamba. Mawakala wa vyama kama American Legion, Disabled American Veterans na Veterans of Foreign Wars husaidia bure, na kaunti nyingi zina ofisa wa maveterani anayelipwa na kaunti yenyewe. Akija mtu anayetaka fedha kabla ya kukusaidia kujaza dai la kwanza, mwache aende.

DD 215 ikifika, iambatishe na DD 214, toa nakala kadhaa, na upeleke moja Idara ya Maveterani, maana hawatumiwi kiotomatiki. Medali zenyewe, seti ya kwanza, hutolewa bure kwa mwenyewe au kwa mrithi wa karibu anayetambuliwa. Ukitaka kusajili hati kwenye ofisi ya kaunti ili isipotee, uliza kwanza kama itakuwa wazi kwa umma, hasa ikiwa ina namba ya hifadhi ya jamii.

Bodi ikikataa, uamuzi unaeleza kwa maandishi ni nini kilichokosekana. Ukipata ushahidi mpya ambao haukuwa mbele yao mara ya kwanza, unaweza kuomba kesi isikilizwe tena wakati wowote. Bila ushahidi mpya, kinachobaki ni mahakama ya shirikisho, na kabla ya kufika huko inafaa kukaa na wakili anayezijua bodi hizi, maana jaji hatazami kama wewe ungeamua tofauti. Anatazama kama bodi ilizingatia ushahidi uliokuwa mbele yake na kufuata sheria.